Laki ya Babu

Ugomvi wenyewe ulianza na neno moja la herufi nne.

Tulikuwa tumekaa kama kawaida yetu ya Jumamosi, watu saba, chini ya mwembe kule Mabatini, kila mtu na daftari lake. Kikundi chetu hakina ofisi wala mhuri. Kuna benchi mbili, birika la chai ya tangawizi na uchu wa kuandika, basi. Siku hiyo zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Nikasoma hadithi ya mzee mmoja aliyehangaika maisha yake yote kutafuta shilingi laki moja. Nilipomaliza, mwenzetu mmoja ambaye tunamwita Mhariri (kwa sababu kalamu yake siku zote ni nyekundu) akalivuta daftari langu, akapiga mstari juu ya neno "laki" kila lilipotokea, na pembeni akaandika "mia moja elfu".

Nikamuuliza, "Sasa hii ni nini, ndugu yangu?"

"Laki ni Kihindi," akasema. "Kila siku tunalia lugha yetu inaliwa, halafu wewe mwandishi mzima unatuletea neno la dukani. Andika Kiswahili."

Wenzetu wengine wakacheka, wengine wakamuunga mkono. Mimi nilinyamaza. Sikunyamaza kwa hekima, la hasha. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu, na kwa sababu yule mzee wa kwenye hadithi hakuwa wa kubuni. Alikuwa babu yangu mzaa baba. Kumfutia neno "laki" ilikuwa kama kumfutia jina.

Makala hii ndiyo jibu langu kwa Mhariri. Limechelewa, lakini limefika.

Ngazi ya namba

Nilianza na kalamu nyekundu yenyewe. Mhariri aliona "laki" ni ya kigeni, akaweka "mia" na "elfu". Lakini mia ni Kiarabu, na elfu ni Kiarabu pia! Alimfukuza mgeni mmoja mlango wa mbele, akawaingiza wawili kwa mlango wa nyuma.

Hebu tuzihesabu namba zetu taratibu, kama mtu anayepanda ngazi. Moja, mbili, tatu, nne, tano: hizo ni za Kibantu, na ukienda kwa Wasukuma, Wahaya au Waganda utazikuta ndugu zake. Nane na kumi nazo ni za hapa hapa. Sita, saba na tisa zimetoka Uarabuni, pamoja na ishirini, thelathini na kuendelea mpaka tisini. Mia, Uarabuni. Elfu, Uarabuni. Halafu inakuja laki, ambayo ni ya Bara Hindi. Baada ya laki ni milioni na bilioni, ambazo tumezipata kwa Wazungu.

Unaona jambo hilo? Mtu akihesabu kutoka moja hadi milioni kwa Kiswahili, anasimulia historia ya pwani bila kujua. Kwanza watu wa nyumbani na vidole vyao kumi, halafu majahazi ya Waarabu, halafu daftari la Mhindi, mwisho meli ya Mzungu. Kila mgeni alikuja na idadi kubwa kuliko aliyemtangulia, kwa maana kila mmoja alikuja na biashara kubwa zaidi.

Na sisi wa huku bara je? Kisukuma kina neno lake la mia moja: igana. Mia nyingi ni magana. Mtu mwenye sikio la Kisukuma hawezi kulisikia jina la wilaya yetu, Nyamagana, bila kusikia magana humo ndani. Kumbe kama Mhariri alitaka neno lisilotoka ng'ambo, lilikuwa limeandikwa kwenye kila kibao cha serikali anachopita akija kwenye kikundi!

Laksha

Sasa tulifuate neno lenyewe mpaka kwao.

Wahindi husema lakh, kwa kuivuta ile "a" na kuipulizia pumzi ile "k" ya mwisho. Wagujarati na Wakachi, ambao ndio wengi wa wafanyabiashara waliokuja kwetu, nao husema hivyo hivyo. Kabla ya hapo, katika lugha za Kiprakriti zilizokuwa lugha za watu wa kawaida zamani, lilikuwa lakkha. Na kabla ya hapo, katika Kisanskriti, lilikuwa laksha.

Hapo ndipo nilipokaa sawasawa kwenye kiti. Laksha ya mwanzo haikuwa namba kabisa. Ilikuwa alama. Inatokana na mzizi wenye maana ya kutazama, kutambua, kutia alama. Kutoka kwenye alama, maana ikasogea kwenye kitu kinachotiwa alama ili kipigwe, yaani shabaha ya mpiga upinde. Hata leo Wahindi wana neno lakshya, lenye maana ya lengo, kitu unachokikusudia maishani.

Katika Rigveda, mkusanyo wa tenzi ambazo wataalamu hukadiria kuwa zilitungwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, umo utenzi wa kumsifu Indra ambao ndani yake anafananishwa na mcheza kamari aliyeshinda, akainuka na laksha yake. Hapo neno lina maana ya dau, kile kilichowekwa katikati ya wachezaji ili mshindi akichukue.

Na idadi ya 100,000 je, ilikuwa inaitwaje? Katika vitabu vya Yajurveda mna orodha ya namba zinazopanda kwa kumi kumi: shata ni mia, sahasra ni elfu, ayuta ni elfu kumi, na 100,000 ni niyuta. Laksha haimo. Baadaye ndipo ile alama ilipopewa kazi ya kuhesabu, ikamsukuma niyuta nje ya kiti. Leo mfanyabiashara wa Mumbai hamjui niyuta, anamjua lakh, na mamia ya mamilioni ya watu wa Bara Hindi huhesabu kwa lakh. Hata mkato wao huwekwa kwa kufuata lakh: sisi tunaandika 100,000, wao huandika 1,00,000. Lakh mia moja kwao ni karor, yaani milioni zetu kumi. Neno hilo halikupata uraia huku, kwa sababu milioni ya Mzungu iliwahi kukaa mahali pake.

Sikutaka kutegemea vitabu peke yake. Kuna mzee mmoja wa Kigujarati, mstaafu wa duka, anakaa mjini si mbali na Makoroboi, hatua chache kutoka hekalu la Wahindu. Ni mzaliwa wa Mwanza, na Kisukuma chake kinanishinda mimi. Nikamwendea jioni moja, nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba, kijana. Umekuja kukopa au kulipa?" Tukacheka. Nikamweleza shida yangu.

"Wewe unauliza lakh," akasema, "lakini Lakshmi unamjua?"

Nilimjua kwa picha tu, yule mungu wa kike wa utajiri na baraka, anayesimama juu ya ua la yungiyungi. Mzee akanieleza kwamba wakati wa Diwali wafanyabiashara wa kwao hufungua madaftari mapya ya hesabu, huyaombea dua, na huandika jina la Lakshmi ukurasa wa kwanza kabla ya kuandika deni la mtu yeyote. Baba yake alifanya hivyo hapa Mwanza kila mwaka. Nami nilipofika nyumbani nikafungua kamusi, nikakuta kweli: Lakshmi na laksha wametoka tumbo moja. Lakshmi ni alama njema, dalili ya heri inayoonekana kwa mtu.

Kwa hiyo neno letu la dukani lina ndugu anayeabudiwa hekaluni na ndugu mwingine aliyewekwa chini kwenye mchezo wa kamari. Utajiri nao, nadhani, una ndugu hao hao wawili.

Njia mbili za baharini

Lilifikaje kwetu? Njia zilikuwa mbili, na neno lilipita zote mbili.

Ya kwanza ni ya Waajemi na Waarabu. Wao walilichukua mapema kutoka India wakalitamka lak au lakk. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Miaka michache baadaye alikuwa Delhi, akafanywa kadhi na Sultani Muhammad bin Tughluq. Katika kitabu cha safari zake aliona lazima awafafanulie wasomaji wake wa Kiarabu kwamba lakk ni dinari 100,000. Maana yake ni kwamba kwa msomaji wa kwao neno lilikuwa bado geni, lakini tayari lilikuwa limeanza safari.

Hapa kuna kitu kitamu kwa waandishi. Kwa Kiarabu lakk moja, zikiwa nyingi ni lukuk. Sasa nyie mnaopenda kuandika "watu lukuki walifurika uwanjani", mlidhani lukuki ni nini? Ni malaki! Tunalo neno mara mbili, mtoto kwa njia moja na wingi wake kwa njia nyingine, na tumewatenganisha kana kwamba hawajuani.

Njia ya pili ni ya Wahindi wenyewe. Wafanyabiashara wa Kachchh na Gujarat walikuwa wakivuka bahari kwa pepo za kaskazi karne nyingi kabla ya Mzungu. Katika karne ya 19, Zanzibar ya akina Seyyid Said ilipokuwa soko la karafuu, pembe na, tuseme ukweli, watumwa, nyumba ya Jairam Shivji kutoka Kachchh ndiyo iliyokodishwa ukusanyaji wa ushuru wa forodha. Hesabu za dola ya Kiislamu ziliandikwa kwenye daftari la Mhindu. Na zilikuwa hesabu kubwa. Ukitaka kupima ukubwa wa laki kwa wakati ule, angalia hukumu ya mwaka 1861 iliyoitenga Zanzibar na Oman: Zanzibar ilitakiwa iilipe Muscat reale 40,000 kwa mwaka. Ugomvi wa dola mbili, na hata nusu laki haukufika!

Pamoja na laki, wakaja ndugu zake wengi. Pesa, rupia, hundi, gunia, gari, chapa. Rupia ni neno la Kisanskriti lenye maana ya fedha iliyogongwa chapa, na sarafu ya jina hilo ilitolewa na Sher Shah Suri, aliyetawala kaskazini mwa India kuanzia mwaka 1540 hadi 1545. Neno bepari nalo ni la kwao: vyapari, mtu wa shughuli, mchuuzi. Lilipoingia huku lilikuwa neno la heshima tu kama "mfanyabiashara". Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawa tusi. Mtu anaweza kulala mchuuzi akaamka adui wa taifa, na neno ni lile lile.

Na lilipofika kwenye kinywa cha Mswahili, lakh likafanyiwa kile tunachowafanyia wageni wote. Pumzi ya "kh" ikadondoka, na kwa kuwa maneno yetu hayapendi kuishia hewani bila irabu, likapewa "i" ya kukalia. Laki. Huo ndio uraia wenyewe, Mhariri. Neno halihitaji hati nyingine.

Mpaka ziwani

Kutoka pwani hadi Nyanza ni mbali. Wajerumani walijenga kituo chao Mwanza mwaka 1892. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, kazi iliyofanywa na makumi ya maelfu ya vibarua kutoka India, na kuanzia hapo meli za ziwani zikaifanya Mwanza kuwa jirani wa bahari. Ngozi na karanga za Usukuma zilivuka ziwa kwenda Kisumu, na nguo, chumvi na wenye maduka wakaja huku. Reli ya kutoka Tabora ilitufikia mwaka 1928.

Rupia ilikuwa ndiyo fedha ya nchi. Ya Wajerumani ilianza mwaka 1890 ikiwa na pesa 64. Mwaka 1904 wakaamua igawanywe kwa Heller 100, na ndipo tulipopata "hela". Kwa hiyo kijana wa mjini anaposema "sina pesa" na "sina hela", anakosa fedha za mataifa mawili kwa mpigo.

Halafu pamba. Hapa ndipo laki ilipoingia kwenye ndoto za watu wa kwetu. Mkulima alibeba pamba kichwani mpaka kwa mnunuzi, mnunuzi akapima, mnunuzi akaandika, mnunuzi akalipa. Mizani ilikuwa yake, kalamu ilikuwa yake, na hesabu ilifanywa kwa lugha yake. Wasukuma walilalamikia mizani hizo miaka mingi, na kutoka kwenye malalamiko hayo Paul Bomani na wenzake wakajenga vyama vya ushirika, wakaviunganisha mwaka 1955 kuwa shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake hapa Mwanza. Ulikuwa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa barani Afrika. Wakulima ambao jana walihesabiwa kwa senti, wakaanza kusikia vyama vyao vikitajwa kwa malaki.

Naandika haya nikijua kwamba wako wasomaji ambao wataona nawatetea wenye mizani. Siwatetei. Mizani mbovu ni mizani mbovu. Lakini neno halikupunja mtu. Babu yangu alilijifunza neno "laki" kutoka kwa watu wale wale waliompimia baba yake, akalichukua, akalifanya lake.

Kopo

Babu alizaliwa karibu mwaka 1940, upande wa Magu. Akaja mjini kijana, akapata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kupakia marobota. Siku moja alisikia mwenye lori akijigamba kwa wenzake: "Mtu mwenye laki haogopi Jumatatu." Babu hakuwa na lori, na kila Jumatatu aliiogopa. Neno likamkaa.

Shilingi ya Tanzania ilipoanza mwaka 1966, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Piga mwenyewe: laki moja ilikuwa dola 14,000. Noti kubwa ilikuwa ya shilingi mia, kwa hiyo laki ilikuwa noti elfu moja, mzigo wa kubeba kwenye begi. Katikati ya miaka ya 1970 mshahara wa babu haukufika shilingi 500 kwa mwezi. Alishaipiga hesabu: miaka kumi na saba bila kula, bila kuvaa, bila kuzaa. Na yeye alikuwa anakula, anavaa na anazaa. Lakini alikuwa na vishamba vya karanga, mbuzi wawili watatu, na dagaa aliowanunua mwaloni na kuwauza kijijini. Alitaka lori la kubebea pamba. Laki ingetosha lori lililotumika.

Akaanza kuweka kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifukia chini ya kitanda.

Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi. Waliokuwa na fedha nyingi ndani walitetemeka, na katika miji mingi watu walitupa mali usiku ili wasikutwe nazo. Wahindi wa madukani waliogopa, na babu mpakia marobota naye aliogopa, kwa kopo lake ambalo halikuwa limefika hata elfu thelathini. Alinisimulia akicheka: "Ng'wanawane, usiku ule mimi na wale matajiri tulikuwa na shida moja." Alilihamisha kopo mpaka shambani, akalizika chini ya mnyaa, akapanda mihogo juu yake.

Kopo lilipona. Kilichoiba fedha kilikuja bila kuchimba. Mwaka 1985 dola ilikuwa takriban shilingi 17. Mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na shilingi ikaanza kuteremka kama jiwe kwenye mlima wa Bugando. Mwaka 1994 dola ilikuwa imepita shilingi 500. Katika miaka ile ile ambayo babu alikuwa anasogea kwenye laki, laki ilikuwa inamkimbia. Mwaka 1985 ilikuwa karibu dola 5,700. Mwaka 1994 haikufika dola 200.

Na ni mwaka huo huo wa 1994 ndipo kopo lilipofika laki kamili.

Baba yangu alikuwapo. Anasema babu alizimwaga noti kitandani, akazihesabu mara tatu, akavaa shati la kanisani, akaenda mjini. Jioni akarudi anasukuma baiskeli, na nyuma yake kijana wa mkokoteni na mabati kumi. Lori halikutajwa tena nyumbani. Kesho yake ilikuwa siku ya kazi, akaamka alfajiri kama kawaida.

Nilipokuwa mdogo nilidhani hii ni hadithi ya kuchekesha, kwa kuwa yeye aliisimulia akicheka. Nilipoipeleka kwenye kikundi niliiandika hivyo hivyo, kichekesho. Ni lile neno la Kisanskriti lililonifanya niisome upya. Alama. Shabaha. Dau. Maana zote tatu ambazo kamusi inazitenganisha kwa namba, babu aliziishi kwa mpigo mmoja. Alitia alama, akalenga miaka karibu ishirini, na kumbe muda wote ule kilichokuwa mezani ni dau, na wachezaji wenye karata walikuwa mbali, hata sura yake hawakuijua.

Sasa niambie, Mhariri, ningeandika "mia moja elfu" ningepata wapi hayo yote?

Laki ya leo

Laki imeshuka cheo, hilo tunalijua. Leo ni wekundu kumi tu, unakunja unatia mfuko wa shati, na noti ya mia imekuwa sarafu. Ni kodi ya chumba. Ni simu ya mtumba. Unaituma kwa simu ukiwa umesimama kivuko cha Kamanga, na kabla boti haijang'oa nanga imeshafika Sengerema. Dola hamsini haifiki.

Lakini neno lenyewe halikushuka. Bado tunalipa kazi ya kupima vitu vizito. Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji wa Mwanza na watu wapatao elfu 35. Ile ya mwaka 1978 ikakuta tumevuka laki. Ya mwaka 2022 imeikuta Nyamagana peke yake na watu 594,834, yaani karibu laki sita. Humo wamo Wasukuma, Wakerewe, Wahaya, Wakurya, Wajita, Waarabu, na Wahindi wa kizazi cha nne ambao bado wapo wanaowauliza "kwenu ni wapi?" Ningeshauri anayetaka kuuliza swali hilo aanze kwa kuhesabu kwa sauti mpaka milioni, kisha ajiulize yeye mwenyewe kwao ni wapi.

Babu alifariki mwaka 2019. Tulipogawana vitu vyake sikutaka shati wala redio. Nikaomba kopo. Limeshika kutu, kifuniko hakifungi vizuri. Ndani mlikuwa na karatasi moja ya daftari la shule iliyokunjwa mara nne. Babu hakupenda kuandika namba. Aliweka mstari mmoja kwa kila elfu iliyoingia. Mistari ya mwanzo ni ya penseli, imefifia. Ya katikati ni ya wino wa bluu. Ya mwisho ni myeusi na imekaribiana, mkono ulikuwa unaharakisha.

Jumamosi iliyopita niliipeleka kwenye kikundi nikampa Mhariri. Aliizungusha mkononi, akaweka kalamu yake chini, akaanza kuhesabu mistari kwa ncha ya kidole. Yeye ni mtoto wa Kwimba, na alipofika mwisho Kisukuma kilimtoka chenyewe.

"Igana," akasema.

Hadithi itatoka toleo lijalo. Neno limebaki.